Umetenga bakteria kutoka udongoni: lini useme ni spishi mpya?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro. Katika udongo wa shamba la mahindi chini ya milima ya Uluguru nimetenga bakteria ambaye koloni lake ni la kijivu, kavu, limeng'ang'ania agari, na ukifungua sahani linanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Nilipeleka DNA ili jeni la 16S, linalotumika kutambulisha bakteria, lisomwe, zikarudi herufi 742. Nilipozilinganisha kwa BLAST, programu ya kutafuta mifuatano ya DNA inayofanana, wa kwanza kwenye orodha alikuwa "bakteria asiyeoteshwa" na wa pili "Streptomyces sp.", wote kwa asilimia 98.2. Mwenzangu mmoja wa maabara anasema hiyo ni spishi mpya tayari, mwingine anasema namba ni kubwa mno. Nani yuko sahihi? Na kama ni mpya, naruhusiwa kumpa jina la bibi yangu, mwenye shamba hilo?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna aliye sahihi kati ya wenzako hao, maana wanabishania namba ambayo haijakamilika. Herufi 742 ni kama nusu ya jeni la 16S, na wale uliolinganishwa nao hawana majina. Mtu hathibitishwi kuwa mgeni kijijini kwa kuwauliza wapita njia, wanaulizwa wenyeji. Wenyeji wako ni spishi za Streptomyces zenye majina rasmi, nazo ni zaidi ya 600. Kazi yote iliyo mbele yako, kwenye kompyuta na kwenye benchi la maabara, ni kumpata jirani wa karibu kuliko wote mwenye jina, kisha kuonyesha kwamba bakteria wako siye.

Hata hivyo mwanzo wako ni mzuri. Koloni kavu linalong'ang'ania agari, pamoja na harufu hiyo, vinaelekeza kweli kwenye Streptomyces. Harufu ni ya jiosmini, kemikali ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno, na ndiyo tunayoisikia mvua za kwanza zinapogusa vumbi. Usiitegemee kama ushahidi lakini, kwa sababu wako bakteria wengine, na hata kuvu kadhaa, wanaoitengeneza.

Kabla ya jeni, rudi kwenye sahani. Streptomyces huota kwa nyuzi zinazosukana, na ndani ya nyuzi hizo hujificha wengine, hasa Bacillus, ambaye hutulia katika hali ya spora mpaka umhamishie chakula kipya. Nimepitia maandishi ya wanafunzi ambamo "spishi mpya" ilikuwa bakteria wawili kwenye bomba moja: umbo la huyu, jeni la yule. Msambaze upya kwa mistari kwenye sahani safi, chukua koloni moja lililosimama peke yake, rudia, rudia tena, mpaka makoloni yote yafanane na darubini ionyeshe nyuzi za aina moja tu. Kisha, kabla ya kipimo kingine chochote, hifadhi spora zake kwenye gliseroli ya asilimia 20 katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Tengeneza mabomba kadhaa, na baadhi yake uyaombee nafasi kwenye friza ya jengo jingine. Umeme wetu unajulikana.

Hapo ndipo unapokuwa na streni, yaani ukoo mmoja uliotokana na koloni moja, wenye namba yake kwenye daftari. Andika na pale ulipochimba: vipimo vya GPS, kina cha sentimita ngapi, pH ya udongo, zao lililokuwepo, tarehe. Maelezo ya spishi yatakudai vitu hivi, na mbolea ikishamwagwa mara mbili tatu shambani, udongo ule uliouchukua haupo tena.

Sasa jeni lenyewe. Ribosomu ndiyo kiwanda cha protini, na seli isiyo nayo haiishi. Kwa hiyo jeni la RNA yake hubadilika polepole sana, na kila bakteria analo. Carl Woese na George Fox walipolinganisha RNA hiyo mwaka 1977 walikuta kundi zima la viumbe ambalo hakuna aliyekuwa amelitenga na bakteria, arkea tunazozijua leo. Tangu wakati huo 16S imekuwa mlango wa kuingilia uainishaji. Jeni lina herufi zipatazo 1,500, lakini mabadiliko hayakutawanyika sawasawa ndani yake. Kuna sehemu ambazo karibu hazitofautiani kwa bakteria yeyote, ambako ndiko vianzio vya PCR, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili jeni, hushika, na kuna sehemu zinazobadilika zaidi. Kwa Streptomyces tofauti nyingi ziko upande wa mwanzo wa jeni. Ukisoma nusu ya mwanzo peke yake, bakteria wako ataonekana mgeni kuliko alivyo. Sitashangaa asilimia 98.2 yako ikipanda hadi karibu 99 jeni lote likisomwa.

Kwa hiyo agiza upya. Tumia vianzio vya 27F na 1492R, soma kutoka ncha zote mbili, na kama pande mbili hazikutani vizuri ongeza kianzio cha katikati. DNA ya Streptomyces ina G na C nyingi, zaidi ya asilimia 70 mara nyingi, kwa hiyo ni kaidi kufunguka kwenye PCR. Kuongeza kemikali ya DMSO, asilimia 5, husaidia. Fungua pia faili la mawimbi uangalie kwa macho yako. Herufi zilizoandikwa N na ncha zilizochafuka huhesabiwa kuwa tofauti, na jirani wa kweli akapoteza sehemu ya asilimia bila sababu.

Mfuatano kamili ukiupata, usianze na BLAST ya kawaida. Hazina inayopekuliwa na BLAST inapokea kila kitu: vipande vilivyovuliwa kutoka udongoni bila bakteria wenyewe kuoteshwa, na streni ambazo aliyeziweka aliandika jenasi tu, yaani neno la kwanza la jina, akaendelea na shughuli zake. Wewe unahitaji kulinganisha na streni kielelezo, ile streni moja hai ambayo jina la spishi limefungwa kwake. EzBioCloud, iliyojengwa Seoul, inakuwezesha kufanya hivyo. Halafu kila jina linalotokea lihakiki kwenye LPSN, orodha ya majina inayotunzwa na DSMZ, hifadhi ya vijidudu iliyoko Braunschweig, Ujerumani, kwa sababu majina mengine yamechapishwa lakini hayajawahi kuwa rasmi, na mengine yameshaunganishwa na spishi nyingine.

Mpaka wa asilimia umehama mara kadhaa, na ndiyo sababu wenzako hawapatani. Mwaka 1994 ulipendekezwa mpaka wa 97. Walimu wengi walisoma na huo na bado wanaufundisha. Mwaka 2006 ukapandishwa hadi kati ya 98.7 na 99, na mwaka 2014, baada ya kulinganishwa jenomu nyingi, yaani DNA yote ya kila bakteria, ukawekwa 98.65. Kinachosahaulika ni kwamba mpaka huu unafanya kazi upande mmoja tu. Ukiwa chini yake kwa majirani wote wenye majina, una sababu nzuri ya kudhani spishi ni mpya. Ukiwa juu yake, 16S haina jibu; haisemi ni spishi ileile. Kwa Streptomyces jambo hili ni la kila siku: spishi mbili tofauti kabisa huweza kuwa na 16S inayofanana herufi kwa herufi.

Mfano unaoujua ni wa kimeta. Bacillus anthracis anayeua ng'ombe na wanyama wa mbugani ana 16S inayokaribia kulingana kabisa na ya Bacillus cereus anayetuharibia wali uliolala. Hata jenomu zao ziko karibu sana. Sumu na koti la kimeta vimebebwa na plasmidi mbili, pXO1 na pXO2, vipande vya DNA vilivyo pembeni ya kromosomu. Na Bacillus thuringiensis, ambaye fuwele zake za protini hutumika kuua viwavi mashambani, ni wa familia hiyo hiyo, na fuwele nazo hubebwa na plasmidi. Wataalamu wa uainishaji wanajua kwamba kwa vipimo vya leo hawa wangekaribia kuwa spishi moja. Majina yameachwa kwa ajili ya madaktari na wafugaji, na mimi naona ni sawa. Ila jifunze kitu humo: tabia inayovutia, iwe sumu, dawa au rangi, inaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo peke yake haimfanyi bakteria kuwa spishi.

Kinachoamua ni jenomu nzima. Zamani ilikuwa kazi ya mikono: DNA ya bakteria wawili ilichemshwa nyuzi zikaachana, ikachanganywa, na ikapimwa ni kiasi gani cha nyuzi za huyu kimekubali kushikana na za yule. Mwaka 1987 kamati ya kimataifa iliweka mpaka wa asilimia 70. Kipimo kilikuwa kigumu, maabara chache zilikiweza, na majibu yalitofautiana. Leo kinahesabiwa na kompyuta kutoka kwenye jenomu zilizosomwa, na mpaka wa 70 umebaki. Pembeni yake kuna ANI, wastani wa kufanana kwa herufi katika sehemu zote ambazo jenomu mbili zinashirikiana. Mpaka wake ni 95 hadi 96. Kwa Streptomyces kuna watafiti wanaotaka usogezwe hadi karibu 96.7, kwa kuwa ndipo unapolingana na ile 70 katika jenasi hii. Kwa hiyo ukipata ANI ya 88 lala usingizi. Ukipata 95.8 jiandae kujieleza.

Jenomu ya Streptomyces ni kubwa. Ya Streptomyces coelicolor, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi zaidi ya milioni 8.6, na kromosomu yake ni ya mstari, si duara kama za bakteria wengi. Omba isomwe kwa kina cha angalau mara 50, na kama fedha inaruhusu changanya usomaji wa vipande vifupi na virefu, maana kuna marudio mengi yanayokatakata mkusanyo. Jenomu ikirudi, jambo la kwanza kabisa utoe humo jeni la 16S ulilinganishe na lile ulilosoma mwenyewe. Yasipolingana, aidha mabomba yamebadilishana au kuna uchafu, na hakuna hatua nyingine ya kupiga mpaka ujue ni lipi. Baadaye ipandishe kwenye TYGS ya DSMZ. Ni bure, iko mtandaoni, inakutafutia streni kielelezo za karibu, inakuhesabia ile asilimia ya 70, na inakuchorea mti wa nasaba. Kwa mwanafunzi aliye mbali na maabara kubwa sijui chombo kilichopunguza pengo kuliko hiki.

Hapa wengi huuliza: basi kama jenomu inaamua, sahani na kemia za nini? Swali la haki. Nitakujibu kwa bakteria mmoja ambaye kazi yake imepita kwenye miili ya watu wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 udongo uliochukuliwa karibu na Saint-Raphaël, pwani ya kusini mwa Ufaransa, ulipelekwa kwenye maabara za kampuni ya Lepetit mjini Milan. Humo alitoka bakteria mwenye nyuzi anayetengeneza rifamaisini, na kutokana nayo ikapatikana rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mwaka 1960 aliitwa Streptomyces mediterranei, kwa kuwa alionekana kama Streptomyces. Miaka michache baadaye wakachungulia ukuta wa seli. Ukuta wa Streptomyces una asidi ya diaminopimeliki ya umbo la LL, wake ulikuwa na umbo la meso. Akahamishiwa jenasi ya Nocardia. Lakini Nocardia ana asidi za maikoliki, mafuta marefu mfano wa yale yaliyomo kwenye ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, na huyu hakuwa nayo hata kidogo. Mwaka 1986 akatengewa jenasi mpya na kuitwa Amycolatopsis mediterranei. Na mwaka 2004, baada ya DNA kulinganishwa, streni mojawapo ya wale watengenezaji wa rifamaisini ikaonekana si mediterranei na ikapewa spishi yake, Amycolatopsis rifamycinica.

Angalia ni nini kilichokuwa kikimhamisha. Mara mbili ilikuwa kemia ya ukuta, jambo ambalo mtu wa kawaida angeliona la vitabuni tu, na mara ya mwisho DNA. Streni zenyewe zilikuwa zimehifadhiwa hai muda wote, ndiyo maana kila kizazi kiliweza kurudi kuzipima kwa chombo kipya. Angeachwa na mfuatano wa jeni peke yake, au na maelezo ya rangi peke yake, mgogoro ungebaki wa maneno.

Kwa hiyo fanya kemia, ila usiifanye kwa kufuata mazoea. Kwa Streptomyces utatakiwa kuonyesha asidi ya LL-diaminopimeliki ukutani, menakwinoni (kemikali za utando wa seli) za MK-9 zenye hidrojeni sita au nane, na asidi za mafuta ambazo nyingi zina matawi. Maabara nyingi za kwetu hazina vyombo vya kazi hiyo, na hifadhi kubwa za bakteria hufanya kwa malipo. Umbo utalifanya mwenyewe: mwoteshe kwenye vyakula vya mfululizo wa ISP, uliotungwa miaka ya 1960 ili watu wa nchi mbalimbali waache kulinganisha Streptomyces walioota kwenye vyakula tofauti. Mwoteshe kwa nyuzi joto 28, tazama siku ya 7, ya 14 na ya 21, andika rangi ya nyuzi za juu, ya upande wa chini, na kama kuna rangi inayoyeyukia kwenye agari. Minyororo ya spora, kama imenyooka au imejisokota, na ngozi ya spora, kama ni laini au ina miiba, utaihitaji darubini ya elektroni. Joto, chumvi na pH anavyovimudu, sukari anazokula; hayo ni ya kawaida.

Ila vipimo hivyo vyote vifanye kwa bakteria wako pamoja na streni kielelezo za majirani wawili watatu wa karibu, siku moja, chakula kimoja, chumba kimoja. Hapa ndipo karatasi nyingi zinapoanguka. Mtu huandika matokeo yake, kisha ya jirani anayanakili kutoka makala ya miaka ishirini iliyopita. Rangi ya kijivu ya Morogoro na rangi ya kijivu ya Tokyo haziwezi kuwekwa kwenye jedwali moja. Na kwa maoni yangu jedwali lenye alama sabini za jumlisha na toa lina thamani ndogo kuliko tofauti tatu zinazorudiwa kila ukipima. Agiza majirani hao mapema, mara tu 16S kamili itakapokuonyesha ni akina nani. Kuwaagiza kunachukua muda kuliko kuwapima, kwa sababu ya malipo ya fedha za kigeni na kibali cha kuwaingiza nchini.

Jambo jingine ambalo wahakiki watakuuliza: je, unaye mmoja tu? Spishi iliyoelezwa kwa streni moja inakubalika, na nyingi ziko hivyo, lakini hujui ni tabia zipi ni za spishi na zipi ni za huyo mmoja. Rudi shambani, chukua udongo wa sehemu tano sita, na mashamba ya jirani ukiruhusiwa. Ukimpata wa pili anayefanana naye kwa jenomu lakini si pacha wake, makala yako imepata uzito ambao hakuna mashine ingekupa.

Sasa sharti ambalo kwetu ndilo gumu. Kanuni ya kimataifa ya majina ya prokarioti inadai streni kielelezo iwekwe hai kwenye hifadhi zisizopungua mbili, katika nchi mbili tofauti, na ipatikane kwa mtafiti yeyote atakayeiomba. Watu hutumia DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini, LMG ya Ubelgiji, NRRL ya Marekani. Bila vyeti vya hifadhi mbili, jina lako halitakuwa rasmi hata kama sayansi yake haina doa.

Maana yake ni kwamba kiumbe cha udongo wa Tanzania kitatoka nje ya nchi na kitagawiwa kwa yeyote atakayekiomba. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazungumzia hasa hilo: nani ameruhusu, na faida ikitokea inagawanywaje. Hofu hii ina historia kwa majirani zetu. Ziwa Bogoria la Kenya, lenye maji ya magadi, limetoa bakteria waliobeba jina lake, Bogoriella caseilytica wa mwaka 1997 na Cellulomonas bogoriensis wa mwaka 2005, na vilevile limekuwa kitovu cha mabishano kuhusu vimeng'enya vya viwandani vilivyotokana na vijidudu vya huko. Mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya namna hiyo na mgao wa faida. Watafiti wa India nao wamelalamika kwa miaka kwamba sheria ya bayoanuwai ya kwao inagongana na sharti la kutoa streni bila masharti. Wewe anza sasa, si wakati makala imeshaandikwa: nenda ofisi ya utafiti ya chuo chako na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, uulize kibali cha kupeleka vijidudu nje na mkataba wa uhamishaji wake, na ueleze wazi kwamba hifadhi itawagawia wengine. Ruhusa ya bibi kuhusu shamba lake iwe ya maandishi pia, hata mstari mmoja.

Utasikia kwamba kuna njia ya mkato. Tangu mwaka 2022 upo mfumo wa SeqCode, ambapo jenomu yenyewe inakuwa kielelezo cha jina, na kabla ya hapo kulikuwa na cheo cha Candidatus kwa wasiooteshwa. Njia hizi zina haki yake, kwa sababu bakteria wengi wa udongoni hawajakubali kuota kwenye sahani zetu. Wako ameota. Usimpunguzie heshima hiyo. Fuata njia ya streni hai.

Makala yenyewe wengi huipeleka IJSEM, jarida rasmi la majina ya bakteria. Siku hizi halipokei spishi mpya isiyo na jenomu iliyowekwa hadharani. Ukichapisha kwingine, jina linakuwa rasmi pale tu litakapoingia kwenye orodha za uthibitisho za IJSEM, kwa hiyo wapelekee makala na vyeti vya hifadhi. Usingoje wakutafute.

Kuhusu jina la bibi: ndiyo, unaruhusiwa. Kanuni zinamshauri mwandishi asimpe bakteria jina lake mwenyewe. Hazimkatazi kumheshimu mwingine. Jina huvalishwa umbo la Kilatini. Bibi akiwa Asha, spishi itakuwa ashae, yaani "ya Asha". Ukipendelea mahali, Streptomyces ni wa jinsia ya kiume, kwa hiyo jina litaishia kwa -ensis. Hili si pambo. Kuna bakteria wa vinundu vya mizizi aliyetengwa kwenye miti ya jamii ya kunde ya Sudan na Kenya, akaitwa mwaka 1999 Sinorhizobium kostiense, kwa mji wa Kosti. Alipohamishiwa Ensifer akawa kostiensis, kwa kuwa jenasi imebadilika jinsia. Jina la bibi halitakusumbua hivyo, halibadiliki hata akihamishwa. Litafute kwanza kwenye LPSN uone kama limekwisha kutumika ndani ya Streptomyces, na uwe na la pili la akiba, maana wahakiki wa majina ni wakali kuliko wa sayansi.

Na ANI ikirudi 98 kwa jirani mwenye jina? Basi ni spishi inayojulikana, na suala la jina limekwisha. Jenomu haijapotea. Ipitishe kwenye antiSMASH, ambayo ni bure, uone vikundi vya jeni vinavyotengeneza dawa. Streptomyces mmoja hubeba makumi, na streni mbili za spishi moja mara nyingi hazina orodha ileile. Kisha mjaribu sahanini dhidi ya Staphylococcus na dhidi ya kuvu wa mahindi. Tasnifu ya uzamili inatosha humo, na huhitaji vyeti vya hifadhi mbili ili kuitetea.